Kati ya Notisi na Ndege, Awepo Hakimu

Wasikilizaji wangu wa Kibaha na Kisarawe, wazee wangu, mama unayepakua chakula pale Picha ya Ndege, kaka dereva unayesubiri zamu yako kwenye mizani ya Vigwaza, dada muuza mihogo wa Msanga, mwalimu wangu wa Maneromango ambaye najua muda huu umeshakaa karibu na redio: nazungumza nanyi nyote.

Jioni hii nataka tuzungumze kuhusu kutafutwa na polisi wa kimataifa. Mmewahi kusikia kwenye taarifa ya habari, fulani anatafutwa na Interpol, ametolewa notisi nyekundu. Neno hilo likitajwa watu hushtuka, na wengi wetu hapohapo tunaamini kwamba huyo mtu kwisha habari yake, ni mhalifu, na kilichobaki ni kumfunga pingu na kumpandisha ndege. Ndiyo maana nimelileta hapa. Maana jambo hilo si kweli, na kutolijua kunaweza kumuumiza mtu wako wa karibu.

Najua kuna anayejiuliza: mimi mkulima wa Chole, Kisarawe, Interpol inanihusu nini? Swali zuri. Sasa hebu tazama tulipo. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Kibaha, na malori yanayopita Mailimoja usiku na mchana yanakwenda Tunduma, Lusaka, Lubumbashi. Pale Kwala tuna bandari kavu, mizigo ya nchi jirani inashushwa na kupakiwa. Kisarawe kuna reli ya TAZARA inayopita Mzenga kuelekea Zambia. Vijana wetu wanaendesha hayo malori. Mabinti zetu wako Muscat na Dubai wanafanya kazi za ndani. Mtu anayevuka mipaka jina lake linavuka naye, na jina likiingia kwenye kompyuta ya polisi wa nchi nyingine, linaweza kumkuta popote.

Haya, Interpol ni nini? Ni chama cha polisi wa nchi mbalimbali. Kilianza mwaka 1923, makao yake makuu leo yako mji wa Lyon, Ufaransa, na wanachama ni nchi 196, Tanzania ikiwemo. Kila nchi ina ofisi yake ya Interpol, mara nyingi ndani ya jeshi lake la polisi, na yetu iko Dar es Salaam. Sasa sikilizeni hapa: hakuna askari wa Interpol atakayekuja Mlandizi na pingu zake. Interpol haikamati mtu. Kazi yake ni kupitisha taarifa kutoka polisi wa nchi moja kwenda kwa polisi wa nchi nyingine. Anayekamata ni polisi wa nchi husika, kwa sheria za nchi hiyo. Yaani akikamatwa mtu Kibaha, amekamatwa na Polisi wa Tanzania, chini ya sheria za Tanzania, na Katiba ya Tanzania iko pale pamoja naye.

Taarifa hizo hutolewa kwa rangi. Sitazimaliza zote, zipo kadhaa. Lakini mbili nizitaje kwa ajili ya familia, kwa sababu ni za msaada na watu hawazijui. Notisi ya njano ni ya kumtafuta mtu aliyepotea, hasa mtoto, au kumtambua mtu asiyeweza kujieleza yeye ni nani. Notisi nyeusi ni ya maiti isiyojulikana. Mama ambaye mwanawe alikwenda nje na mawasiliano yakakatika, nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa, na omba ifikishwe kwa ofisi yetu ya Interpol. Huna haja ya kukaa nyumbani ukilia peke yako.

Sasa nyekundu. Notisi nyekundu ni ombi. Nchi moja inasema: huyu tunamtafuta, tunayo hati halali ya kumkamata, au tumeshamhukumu akakimbia; tunaomba mkimwona mumshikilie wakati tunaleta maombi rasmi ya kuletewa. Ni kama mwenyekiti wa mtaa wa Tumbi amwandikie barua mwenyekiti wa Kisarawe mjini kwamba kuna kijana anadaiwa huku kwetu, ukimwona msimamishe. Barua ile haijathibitisha lolote. Mwenyekiti wa Kisarawe akishampata huyo kijana, bado lazima amuulize na yeye ana la kusema. Naomba mlishike hili neno: ni ombi, si hukumu. Na kila nchi inaamua yenyewe ombi hilo ilipe uzito gani.

Tena si kila ombi linakubaliwa. Katiba ya Interpol, ibara ya 3, inaikataza kujiingiza katika mambo ya kisiasa, ya kijeshi, ya kidini au ya kikabila na rangi. Ibara ya 2 inaitaka ifanye kazi kwa moyo wa Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu. Na kanuni zake zinasema notisi nyekundu ni kwa makosa mazito: kama mtu bado hajahukumiwa, kosa lenyewe liwe ni la kifungo kinachoweza kufika angalau miaka 2; kama ameshahukumiwa, iwe amepewa au amebakiza angalau miezi 6. Ugomvi wa watu binafsi, wa mkataba wa kazi, wa makosa madogo ya kanuni, haustahili notisi nyekundu.

Hapo nizungumze na wazazi. Tuseme binti yako yuko Muscat, mwajiri anamtesa, hamlipi, akakimbia akajihifadhi kwa wenzake. Wakala anakupigia simu Kisarawe, anakwambia: mwanao asiporudi kazini, tunamtoa Interpol, atakamatwa dunia nzima. Mama, usiogope. Kukimbia nyumba ya mwajiri si kosa la notisi nyekundu. Wakala hana uwezo wa kuitoa; inaombwa na polisi wa nchi kupitia ofisi yao ya taifa. Hao wanaotishia hivyo wanajua kwamba sisi hatujui. Basi sasa tunajua. Mwambie binti atafute ubalozi wetu, na wewe huku nenda Uhamiaji au Wizara ya Mambo ya Nje ukatoe taarifa.

Nikupeni kisa cha kweli, kilichotokea hapa kwetu. Mwezi Juni 2014, polisi wa Kenya walikuta shehena ya meno ya tembo, zaidi ya tani mbili, kwenye yadi ya magari jijini Mombasa. Mfanyabiashara aliyetajwa, Feisal Mohamed Ali, hakuonekana. Mahakama ikatoa hati ya kumkamata, Interpol ikatoa notisi nyekundu, na mwezi Novemba mwaka huohuo jina lake likawekwa kwenye orodha ya watu tisa wanaosakwa zaidi duniani kwa makosa ya mazingira. Dunia nzima ikamwona. Desemba 22, akakamatwa Dar es Salaam. Siku mbili baadaye alikuwa mahakamani Mombasa.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa ikilia kwa ajili ya tembo. Selous pale, jirani zetu kabisa, tembo walichinjwa kwa maelfu. Kwa hiyo kukamatwa kwake kulishangiliwa, na mimi naelewa kwa nini. Mwezi Julai 2016 mahakama Mombasa ikamhukumu miaka 20 jela na faini ya shilingi milioni 20 za Kenya. Magazeti yakaandika, kigogo wa pembe ameangushwa. Wengi walidhani kisa kimeishia hapo.

Hakikuishia hapo. Alikata rufaa. Mwezi Agosti 2018, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaufuta uamuzi ule, ikaona ushahidi wa upande wa mashtaka una kasoro, na ikamwachia huru. Sasa nakuulizeni, wasikilizaji: yule aliyekuwa kwenye orodha ya dunia, picha yake kila mahali, mwisho wa safari ni nani mbele ya sheria? Ni mtu asiye na hatia. Unaweza kukasirika, unaweza kusema wapelelezi waliharibu kazi, na pengine una haki ya kukasirika, kwa sababu tembo wale walikufa kweli na hakuna aliyebaki gerezani kwa shehena ile. Lakini hatuwezi kusema notisi nyekundu ilithibitisha kosa. Ni ombi, si hukumu. Hukumu inatoka mahakamani, na hata hukumu yenyewe ina rufaa.

Katiba yetu imelisema hilo, ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, kipengele (b): mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Na ibara ya 15 inasema mtu asikamatwe, asifungwe, asihamishwe kwa nguvu, isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Ibara hizo hazikuandikwa kwa ajili ya watu wema tu.

Tuje kwenye jambo linalotugusa sana sisi watu wa Pwani: majina. Ukisimama Mailimoja stendi ukaita Mohamed Salum, wanageuka wangapi? Ukiita Ramadhani Juma pale Kisarawe sokoni, je? Tunarithishana majina ya babu, ya masheikh, ya mitume, na tunaandika mawili au matatu tu. Zaidi ya hapo, wengi wetu tuliozaliwa vijijini tarehe za kuzaliwa tulikadiriwa. Karani wa shule aliandika mwaka anaoudhani, na pakikosekana siku, akaweka Januari 1. Sasa fikiria dereva wa Visiga, jina lake Mohamed Salum, amezaliwa kwa makaratasi Januari 1, amefika mpakani Tunduma. Kompyuta inawaka. Kuna Mohamed Salum mwingine, naye Januari 1, anatafutwa kwa dawa za kulevya. Huyu wetu hajui lolote. Anavuliwa mkanda, anawekwa kando, lori limesimama, tajiri anapiga simu.

Afanye nini? Kwanza asikimbie, na asibishane kwa hasira. Aombe kwa utulivu kwamba wamlinganishe na picha na alama za vidole. Notisi iliyotengenezwa vizuri huwa na picha, alama za vidole, majina kamili, uraia, namba ya hati ya kusafiria. Jina peke yake si mtu. Ndugu zangu mnaosafiri, majina yenu yote matatu au manne yalingane kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti na leseni. Ukiwa Mohamedi huku na Muhammad kule, Salum huku na Salim kule, unajitafutia maelezo marefu mbele ya mtu asiye na muda wa kukusikiliza.

Na kuna jambo dogo la pasipoti ambalo huwakuta watu wema kabisa. Ukiripoti polisi kwamba pasipoti yako imepotea, namba yake inaweza kuingizwa kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibwa, ambayo nchi nyingi huisoma mipakani. Wiki mbili baadaye unaikuta chini ya godoro. Usisafiri nayo! Irudishe Uhamiaji, omba mpya. Ukifika nayo uwanja wa ndege wa nchi ya watu, itaonekana ni pasipoti ya wizi, na wewe ndiye uliyeishika.

Sasa nakuja kwenye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Nataka niwakumbushe Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Saa nne na nusu hivi asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, karibu muda uleule na lile la Nairobi. Dar walikufa watu 11, wengi wao Watanzania wenzetu, wakiwemo walinzi waliokuwa kazini. Nairobi walikufa zaidi ya 200. Katika hili sitaki mtu anielewe vibaya: waliofanya vile walistahili kutafutwa mpaka mwisho wa dunia.

Mmoja wa waliotafutwa alikuwa Mzanzibari, Khalfan Khamis Mohamed. Alikimbilia Afrika Kusini, akaomba hifadhi ya ukimbizi kwa jina la uongo, akawa anafanya kazi Cape Town. Wapelelezi wa Marekani walimtambua kwenye mafaili ya waomba hifadhi. Oktoba 5, 1999, alipokwenda ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya karatasi zake, akakamatwa. Oktoba 6, kesho yake, alikuwa ndani ya ndege ya kwenda New York. Hakupelekwa mbele ya hakimu kuulizwa kama apelekwe au la. Hakurudishwa kwao Tanzania. Na huko alikokuwa anakwenda, kosa lake lilikuwa na adhabu ya kifo, wakati Afrika Kusini ilikuwa imeifuta adhabu hiyo mwaka 1995.

Mawakili walikwenda Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini. Mei 28, 2001, majaji wakasema: serikali ilivunja Katiba. Haikuwa na ruhusa kumtoa mtu kwenye nchi isiyo na adhabu ya kifo na kumkabidhi kwenye nchi yenye adhabu hiyo, bila kwanza kuomba ahadi kwamba hatauawa. Wakaagiza uamuzi wao upelekwe haraka kwenye mahakama ya New York. Mwezi Julai mwaka huo baraza la wazee wa mahakama kule Marekani halikukubaliana kwa kauli moja auawe, akapata kifungo cha maisha. Leo uamuzi ule wa Afrika Kusini unasomwa na wanafunzi wa sheria duniani kote, na mwenye jina lile kwenye kichwa cha kesi ni mtu wa visiwa vyetu aliyepatikana na hatia ya jambo la kutisha. Majaji hawakumtetea alichofanya. Walitetea mlango ambao kila mmoja wetu angetaka uwepo siku jina lake linapotajwa kimakosa.

Mwingine alikuwa Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mzanzibari. Alikamatwa Pakistani mwezi Julai 2004. Hakupelekwa mahakamani. Alifichwa kwenye magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, kisha mwaka 2006 akahamishiwa Guantánamo, na mahakama ya kiraia ya New York akaiona mwaka 2009. Miaka mitano! Kesi ilipofika, upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi muhimu, Mtanzania, ambaye angesema kwamba alimuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi yule, mwezi Oktoba 2010. Kwa nini? Kwa sababu alipatikana kutokana na maneno ambayo Ghailani alitamka alipokuwa akibanwa na kuteswa kule kwenye magereza ya siri. Mwezi Novemba, baraza likamwona hana hatia kwenye mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa moja tu. Moja hilo lilitosha kumpa kifungo cha maisha. Lakini mashtaka ya vifo vya walinzi wetu, mmojammoja kwa jina, hayakusimama.

Mimi hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Tunaambiwa mara nyingi kwamba haki za mtuhumiwa zinawanyima haki waliouawa. Hapa ilikuwa kinyume. Kuruka mahakama, kumficha mtu na kumtesa, ndiko kulikowanyima wajane wa Dar es Salaam, katika kesi ile, hukumu iliyotaja majina ya waume zao. Kwa hiyo ninaposema kati ya notisi na ndege lazima awepo hakimu, nasema kwa ajili ya mtuhumiwa, na nasema kwa ajili ya marehemu vilevile.

Na hapa Afrika Mashariki mambo haya hayajaisha. Januari 2017, ndugu wa familia ya Akasha wa Mombasa walikabidhiwa Marekani kwa kesi ya dawa za kulevya wakati shauri la kuamua kama wapelekwe lilikuwa bado liko mahakamani Kenya. Oktoba 2024, Nairobi, raia wanne wa Uturuki waliokuwa chini ya ulinzi wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walichukuliwa mtaani, na baadaye serikali ya Kenya ikakiri kwamba wamerudishwa Uturuki. Interpol yenyewe ina sera kwamba mkimbizi aliyetambuliwa asitolewe notisi nyekundu kwa ombi la nchi aliyoikimbia. Lakini gari lililofungwa vioo halisomi sera.

Kwetu Tanzania utaratibu wa kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine upo, na ni wa zamani, sheria ya mwaka 1965. Nchi inayomtaka mtu inaleta maombi rasmi serikalini. Shauri linakwenda mbele ya hakimu. Hakimu anaangalia: huyu ndiye anayetakiwa? Kosa hilo ni la kupelekewa mtu? Ushahidi uliopo unatosha kumweka kizuizini? Je, nyuma ya mashtaka kuna siasa? Sheria inakataza kumtoa mtu kwa kosa la kisiasa. Hakimu akiridhika kwamba apelekwe, bado anapaswa kumweleza mtu huyo kwamba anaweza kwenda Mahakama Kuu kupinga kushikiliwa kwake. Kwa majirani kama Kenya njia ni fupi zaidi, ila hata hiyo fupi inapita mikononi mwa hakimu. Mwaka 2017, Watanzania waliotuhumiwa kwa heroini walipelekwa Marekani baada ya shauri lao kusikilizwa Mahakama ya Kisutu. Unaweza kuukubali au kuukataa uamuzi ule, lakini waliitwa kwa majina yao mahakamani, mchana kweupe, ndugu zao wakiona.

Tuseme basi imekutokea. Askari wamekuja nyumbani Kongowe, wanasema mwanao anatafutwa na Interpol. Uliza kwa heshima: afande, kwa kosa gani, na mnampeleka kituo gani? Wana wajibu wa kumwambia sababu ya kukamatwa. Andika jina la kituo, jina la afande, muda. Mwanao ana haki ya kuwasiliana na ndugu na wakili, na hapaswi kukaa kituoni zaidi ya saa 24 bila utaratibu wa kumfikisha mahakamani kuanza. Huna pesa ya wakili? Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wako kwenye wilaya zetu. Ulizia ofisi ya mkurugenzi au ustawi wa jamii. Mahakama ya Hakimu Mkazi iko hapahapa Kibaha. Usikubali kuambiwa kwamba hili ni jambo la kimataifa kwa hiyo mahakama za hapa hazihusiki. Zinahusika, tena ndizo za kwanza.

Na kule Lyon kwenyewe kuna mlango. Interpol ina tume ya kusimamia mafaili yake, na tume hiyo inafanya kazi kwa uhuru. Mtu yeyote, hata wa Mzenga, anaweza kuiandikia na kuuliza: mna taarifa gani juu yangu? Na anaweza kuomba isahihishwe au ifutwe. Hakuna ada. Si lazima uwe na wakili, ingawa akiwepo ni vizuri. Unaandika barua yenye sahihi yako, unaambatanisha nakala ya kitambulisho, unaeleza hoja zako na ushahidi. Maombi yakishapokelewa rasmi, kanuni zinaipa tume miezi 4 kujibu mtu anayetaka kujua, na miezi 9 kuamua ombi la kufuta. Inachukua muda, ndiyo. Na wakati mwingine hutaambiwa kila kitu, kwa sababu nchi iliyoleta taarifa inaweza kuzuia isitolewe. Tume ikifuta, Interpol inalazimika kutii. Ila kesi yako kule ilikofunguliwa haifi kwa sababu hiyo, na kompyuta ya nchi fulani inaweza kuwa bado na jina lako, kwa hiyo barua ya tume tembea nayo kila unaposafiri.

Kumbuka pia kwamba notisi zinazoonekana hadharani ni baadhi tu. Nyingi huonwa na polisi peke yao. Kwa hiyo mtu akikuonyesha simu na kusema, tazama jina lako halipo, uko salama, huyo hajakuambia kitu.

Jambo la matapeli nalo nilitaje upesi. Ukipokea ujumbe wa simu au barua pepe wenye nembo ya Interpol, unasema unatafutwa, tuma pesa kwenye namba hii tufute jina lako, futa ujumbe huo wewe, au upeleke polisi. Interpol haiombi pesa kwa mtu binafsi. Haijawahi kuwa kazi yake. Wazee wangu, tafadhali sana, wajukuu wenu wakiwasomea ujumbe wa namna hiyo msikimbilie kuuza shamba.

Nina ombi moja, na hili nalielekeza kwa serikali yetu na kwa hao wa Lyon. Tume ile inapokea maombi kwa lugha nne: Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Lugha yetu ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, UNESCO imeipa siku yake Julai 7, na mahakama zetu hapa nchini zinaendesha kesi kwa Kiswahili. Dereva wa Visiga aliyefananishwa na mtu mwingine kwa nini atafute mkalimani kabla hajaruhusiwa kusema kwamba si yeye? Mpaka hapo lugha yetu itakapokubaliwa, nina ushauri kwa wale mlioko mbali na mawakili: Kisarawe na Kibaha tuna walimu wa madrasa na masheikh wanaoandika Kiarabu safi. Barua iliyoandikwa na mwalimu wa madrasa wa Masaki, ikiwa na sahihi yako na nakala ya kitambulisho chako, tume ile inapaswa kuisoma sawasawa na ya wakili wa Paris.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Mwenye swali ampe mwandishi wetu wa wilaya, nami nitalijibu kipindi kijacho. Usiku mwema Kibaha, usiku mwema Kisarawe.